Mama mkwe kaniagiza koroma, nikarudi na dafu!

Wenzangu mlioolewa pwani mtanielewa. Mwenzenu nimekulia Moshi, kwa mtori na machalari, nazi naijua ile iliyokwisha kunwa sokoni. Kiswahili ndiyo usiseme, nilijiona nakijua mpaka basi. Shuleni nilikuwa nasahihisha wenzangu. Kumbe kuna Kiswahili cha darasani na kuna Kiswahili cha chini ya mnazi, na hicho cha pili hakina mtihani wa marudio.

Sisi tunakaa Kibaha, pale Picha ya Ndege (usiniulize ndege yupi, wa manyoya au wa bati). Ukweni ni Kisarawe. Ukitazama ramani utacheka, maana ni wilaya jirani na mkoa ni mmoja, Pwani. Lakini sie wa daladala tunaingia kwanza Dar es Salaam, mkoa wa watu, ndipo tutoke tena kurudi mkoani kwetu. Unashuka Mbezi, unatafuta gari la Gongo la Mboto, ukifika huko unatafuta la Kisarawe. Jua lishakuwasha, mtoto keshalala begani, viazi vya zawadi vishapondeka.

Ila ukishapita Pugu, gari linaanza kupanda kilima, na msitu uko hapo hapo kando. Upepo unabadilika. Nikifika hapo huwa nasahau hata nauli niliyolipa mara tatu.

Basi bwana. Jumapili moja tumefika, tumesalimiana, nimekula shikamoo zangu zote, mama mkwe akanituma kwa kijana mkwezi: "Mwanangu, kamwambie aniangushie koroma mbili." Mimi huyo. Kijana akaniuliza koroma kweli au dafu? Kwa vile sikutaka kuonekana mshamba, nikasema yoyote tu, si yote nazi. Yule kijana alicheka hadi akakaa chini. Nikarudi na madafu mawili kifuani kama kombe la mpira.

Mama hakunisema. Aliita wajukuu wakamwokotea vitu chini ya minazi, akavipanga kwenye mkeka mbele yangu kama mwalimu wa chekechea. Kile kidogo kabisa kilichodondoka kabla ya wakati, kidaka. Kikikua kidogo, kitale. Kisha dafu, la kunywa maji yake. Dafu likipitiliza, nyama ikakaza lakini bado haijawa ngumu, hilo ndilo koroma. Halafu nazi yenyewe. Nazi ikikauka ndani hadi nyama ikaachana na kifuu, unaitikisa inagonga, ni mbata. Na iliyojaa kitu laini kama sifongo ndani, joya. Tunda moja, majina saba! Na kila jina lina kazi yake. Ukimpelekea mtu dafu akune tui, umemtukana.

Sasa koroma alilitaka la nini? La mjukuu wake atafune. Na hapo ndipo palipotokea kasheshe yenyewe.

Binti yangu ana miaka minne. Kwetu Maili Moja stendi wauza muhogo mbichi wamejaa, wanakumenyea na kipande cha nazi pembeni, na mtoto anaupenda kuliko biskuti. Nikaona, koroma limeshapatikana, kilichobaki ni muhogo, na shamba si lile pale? Asubuhi mama alikuwa amenionyesha. Ule wa uani ni wa kuchemsha, akasema, na ule wa kule chini karibu na vichaka ni "wa bada". Mimi masikio yangu ya Moshi yalisikia "wa baada". Yaani wa baadaye. Saa nane mchana, nikajiambia baadaye si ndiyo sasa? Nikashuka, nikang'oa shina moja, nikamenya, nikampa mtoto kipande.

Mama alikuwa jikoni. Aliponiona natokea bondeni na kisu, aliacha mwiko ukaanguka. "Mke mwenzangu, tema! Tema upesi!" Akamwingiza mjukuu kidole mdomoni, akatoa kila kilichokuwemo, akamsukutua maji. Mtoto akalia. Mimi nimesimama kama nguzo.

Kisha akanitazama. Afadhali angenigombeza.

"Mwanangu, huo mchungu. Huo wa bada."

Bada ni ugali wa muhogo, jamani. Ndiyo maana yake, hakuna "baadaye" hapo. Muhogo mchungu unamenywa, unalowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, unaanikwa ukauke kabisa, ndipo unatwangwa unga. Mbona basi wanaupanda, nikauliza kwa sauti ndogo. Akaniambia jirani na msitu kuna nguruwe na ngedere. Mtamu wanaumaliza usiku mmoja, mchungu wanauacha. Ndiyo maana mtamu unakaa uani, mchungu unakaa mpakani, unajilinda wenyewe.

Tulimchunguza mtoto mpaka magharibi. Hakutapika, hakulalamika kichwa, akaomba koroma lake. Usiku sikulala.

Jumatano nikaenda maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha. Shirika hili lilianza 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, Tanzania ikakabidhiwa 1970. Miaka yote napita getini, siku hiyo ndiyo nikaingia na swali la maana. Kwanza kamusi. Koroma limo, kitale kimo. Kichekesho ni kwamba kamusi inafuata alfabeti, kwa hiyo dafu limezaliwa kabla ya kidaka! Mpangilio wa mkeka wa mama ulikuwa na akili zaidi.

Halafu nikasoma habari za muhogo, nikakoma kucheka. Ndani yake mna kitu kinaitwa linamarini. Ukikata au kuponda, kinageuka sianidi, ile sumu yenyewe. Mchungu unayo nyingi. Kuula mbichi kunaweza kuua mtu siku hiyo hiyo. Na ukiuandaa kwa haraka ukawa chakula chako wiki nyingi bila maharage wala samaki, kuna ugonjwa wa konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena. Tarime ulilipuka 1985 wakati wa ukame, watu wana njaa, nani asubiri siku za kuloweka? Wengi wanaougua ni watoto na kina mama. Jina konzo ni la Kiyaka, lugha ya Kongo, maana yake miguu iliyofungwa.

Hata kisamvu nilikuwa nakitazama vibaya. Nilidhani kutwanga ni kukilainisha tu. Kumbe kutwanga ndiko kunakoitoa sumu kwenye jani, na kuchemsha sufuria wazi kunaiacha ipae na mvuke. Mimi nilikuwa nafunika nibane mkaa! Siku hizi nakitwanga kikatwangika, nachemsha wazi, natia tui la pili, na kasimile mwisho kabisa, moto mdogo, lisikatike.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Maili Moja, muuza muhogo akamkabidhi binti yangu kipande na nazi yake. Akakishika, hakula. Akamwinulia macho yule kaka.

"Huu wa bada?"

"Hapana mtoto mzuri," akajibu, "huu wa sasa hivi."