Andikeni Majina ya Waliokuwapo

Wanangu na wajukuu zangu,

Shamba na nyumba nimekwisha kuvigawa mbele ya ukoo, na mtendaji amegonga muhuri. Hayo hayana maneno tena. Wosia huu ni wa mambo mengine, na ni wenu nyote, hata msio wa damu yangu, mliokaa mbele yangu darasani na leo mnakaa kwenye halmashauri ya kijiji.

Watu wamekuwa wakiniuliza kwa nini mwalimu wa Historia alijitwisha kamati ya maji, na alipostaafu akaingia baraza la ardhi badala ya kutulia na pensheni yake. Walidhani ni kazi mbili. Darasani nilifundisha kwamba kila habari ina aliyeiona, ina aliyeisikia, na ina anayenufaika nayo, na kwamba mtu makini huwatenganisha hao watatu kabla hajaamini. Kikaoni nilikuta kazi ni ile ile.

Sisi ni watu wa Songea. Mnajua Februari 27, 1906 ni siku gani: Wajerumani waliwanyonga hapa zaidi ya mashujaa 60 wa Majimaji, na kila mwaka tunakwenda makumbusho kuwakumbuka. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa pia, na ukoo wake umeshikilia miaka yote kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale makumbusho, akakutana na wajukuu, akaomba msamaha. Wengi wenu mlifurahi, nami nilifurahi. Lakini jiulizeni: kwa miaka zaidi ya mia moja, habari ile ilitunzwa na nani? Maofisa waliokuja kutunyonga waliandika upande wao. Upande wetu ulikaa vinywani mwa wazee, jioni hadi jioni, pasipo karatasi.

Karatasi ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa vijijini, Umatumbi vita vilikoanzia Julai 1905, na huku Ungoni, wakawauliza wazee walichokiona. Waliokuwa watoto wakati wa vita walikuwa wamefikia miaka sabini na kitu. Kama vijana wale wangechelewa miaka kumi zaidi, wengi wa wale wazee wangekuwa kaburini. Nimefundisha kutokana na kazi yao maisha yangu yote, na kila mara nilipofika kwenye njaa, darasa lilinyamaza. Kwa maana bunduki siyo iliyoua wengi. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa kabla vita havijaisha na baada yake walifika 300,000, wengi wao kwa njaa. Ndiyo maana mkiona ghala la kijiji linajaa mahindi na hakuna anayeandika kilichoingia na kilichotoka, simameni muulize. Mkoa wetu unalisha wengine. Usije ukasahau kujihesabia chakula chake.

Sasa nije kwenye ardhi, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi.

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wanawake hawapungui watatu. Kazi yake ni kupatanisha. Shauri lililotujia mara nyingi kuliko mengine lilikuwa hivi: mmoja anasema, hapa ni kwa babu yangu, tazameni miembe yake. Mwenzake anasema, hapa nilipewa wakati wa Operesheni Vijiji, tulipohamishwa kuja kuishi pamoja. Wanangu, mara nyingi wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inathibitisha ardhi ambayo watu waligawiwa kijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Kwa hiyo anayetaja miembe ya babu yake ana historia, na aliyegawiwa ana historia pamoja na sheria. Lakini aligawiwa na nani? Siku gani? Mpaka ulipita wapi? Ugawaji ule mara nyingi ulifanywa kwa mdomo na kwa kigingi cha mti, na mchwa wamekwisha kula vigingi.

Tulipokwama, waliotutoa walikuwa wanawake. Wanaume walikumbuka jina la mwenyekiti na hotuba yake. Akina mama walikumbuka nani alilima jirani na nani, kijito kilikuwa upande gani kabla hakijahama, na mwaka ule walipanda nini, kwa sababu jembe lilikuwa mikononi mwao. Baraza linalowaweka wale wajumbe wanawake kutimiza idadi tu linajinyima mashahidi wake bora.

Kutokana na hayo nawaachia amri, siyo ombi. Kikao chochote mkikaa, andikeni tarehe, waliokuwapo, wasiokuwapo, kilichoamuliwa, na aliyepinga pamoja na sababu zake. Msiandike “wajumbe wote walikubali” kama mmoja alinyamaza kwa hasira. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi yasomwe pale kwa sauti, kisha yabandikwe kwenye ubao wa matangazo yakae. Maji yetu ya mserereko yanashuka kutoka mlimani bila pampu, na bomba likipasuka fundi anataka fedha siku hiyo hiyo. Watu walikuwa wepesi kuchanga kila walipoona leja imefunguliwa mezani. Ilipofungwa kabatini, walirudi mtoni na ndoo zao, wala siwalaumu.

Someni pia habari za Litowa, hapa hapa wilayani kwetu. Wakulima walioanzia pale waliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakaunganisha vijiji vyao, wakawa na shule yao, wakaamua mambo yao wenyewe mikutanoni. Mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi uliotoka juu. Naamini ilikuwa hasara kubwa kwa nchi nzima, na nimelisema hilo waziwazi hata miaka ambayo kulisema kulihitaji kifua. Ila fahamuni kwamba watu wale walikuwa wakulima kama sisi. Uwezo wa kujitawala haukuletwa na mtu kutoka mjini.

Jambo moja linaniuma ninapolisikia kikaoni: mtu kumwambia jirani yake, “Wewe ni wa kuja, rudi kwenu.” Wangoni wenyewe ni wa kuja. Zwangendaba aliwavusha watu wake mto Zambezi mwaka 1835, na walipofika huku baadhi yao waliwakuta Wandendeule na wengine wakiwa na mashamba na makaburi yao. Anayetaka kuwatoa watu kwa hoja ya nani alitangulia, aanze kufunga mizigo yake mwenyewe. Likitamkwa neno hilo mbele yenu, mwenyekiti alikemee, na katibu aandike kwamba limekemewa.

Daftari zangu zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Zipelekeni maktaba ya shule ya sekondari, lakini kwanza zinakiliwe, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Walimu wanaofundisha Historia ya Tanzania na Maadili waruhusiwe kuzitumia bure.

Kisha fanyeni hesabu hii. Aliyekuwa na miaka 25 wakati wa Operesheni Vijiji leo amepita miaka sabini. Wazee wenu wamefika pale pale walipokuwa wale wa 1968, na hakuna chuo kitakachotuma mtu kwa ajili ya kijiji chetu. Simu mnazo. Anzeni upande wa mtoni, kwa akina mama waliohama wakiwa na watoto mgongoni. Nendeni wawili wawili, mmoja aulize, mmoja aandike. Mama akitaka kusema kwa Kingoni, msimgeuze lugha. Muulizeni alitoka wapi, alibeba nini, nyumba aliyoiacha ilifanywa nini, nani alimwonyesha kiwanja, na majirani zake wa kwanza walikuwa kina nani. Akichoka, mwacheni apumzike, mrudi kesho. Mkimaliza msomeeni mliyoyaandika, ayasahihishe, ndipo atie sahihi au dole gumba. Nataka kazi hiyo ianze kabla ya mvua, wakati njia ya mtoni bado inapitika.

Ni mimi, babu yenu na mwalimu wenu.