Safari ya Mlimani Huanzia Woodley

Mtaa wa Woodley uko magharibi ya mji wa Nairobi, baina ya Barabara ya Ngong na Kibera. Mtu atokaye katikati ya mji hushuka Adams Arcade, akashika njia iendayo upande wa Kibera, na mara huwa amefika. Si mahali panapomjia mtu moyoni anapofikiri habari za nyika na milima. Hapana chui huko wala barafu. Pana nyumba, maduka, makanisa, na magari yapigayo honi tangu alfajiri. Hata hivyo, mkaaji wa Woodley atakaye kupanda Mlima Kenya kwa mara ya kwanza, mzigo wake mgongoni na hema yake ndani ya mzigo, hufaulu au hushindwa kabla hajatoka mtaani mwake. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Yafaa kwanza tujue tunakwenda wapi. Kilele kirefu cha Mlima Kenya ni Batian, chenye mita 5,199, na jirani yake Nelion kina mita 5,188. Hivyo viwili ni vya mabingwa wa kamba na miamba. Cha tatu, Point Lenana, kina mita 4,985, nacho hufikiwa kwa miguu tu. Neno hilo "kwa miguu tu" limewadanganya wengi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,700 na kitu. Lenana iko karibu mara tatu ya hapo, na pumzi moja ya huko humpa mtu zaidi kidogo tu ya nusu ya ile aipatayo Mombasa. Usiku maji huganda. Mtu aendaye huko kama aendaye matembezi ya Jumapili aweza kurudi amebebwa, au asirudi.

Waliotutangulia wametuachia mafundisho. Mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, Mwingereza Halford Mackinder aliondoka hapa na msafara mkubwa wa wapagazi, akafika Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara ule ulikuwa na watu tele, lakini chakula kiliwapungukia, ikawa lazima kutuma watu mpaka Naivasha kuomba msaada. Na mwaka 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi ya wafungwa wa vita huko Nanyuki ili waupande mlima. Kwa miezi walijinyima posho zao wakaweka akiba, na wakajifulia vyombo vya barafu kwa vyuma chakavu. Mwongozo wao mmoja ulikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Wawili kati yao walifika Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Twaona basi kwamba wingi wa mali haukumwondolea Mackinder njaa, wala ufukara haukuwazuia Waitaliano. Kilichotangulia yote ni maandalio.

Sasa turudi mtaani. Kando ya Woodley liko soko la Toi, maarufu kwa mitumba. Soko hili liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wenyewe wakalisimamisha tena. Mtu mwenye subira huweza kupata huko shanta yenye mikanda ya kiunoni, sweta za sufu, koti la mvua, na buti zilizokwisha kutembea nchi za baridi. Lakini asinunue kwa macho. Shanta na ajaribu kuivaa ikiwa na uzito ndani, maana uzito wapasa kukaa kiunoni, si mabegani. Mishono na aivute kwa nguvu. Buti azivae pamoja na soksi nene, na zibaki na nafasi mbele ya vidole, kwa sababu wakati wa kuteremka mguu husogea mbele na kucha huumia. Soli ikianza kuachana na ngozi, fundi wa viatu aishone kabla ya safari. Mlimani hakuna fundi.

Nguo za pamba ni nzuri ofisini, lakini mlimani ni adui. Pamba ikilowa kwa jasho au mvua hushika maji na kumnyang'anya mtu joto la mwili. Sufu hutia joto hata ikiwa na unyevu. Afadhali sweta mbili nyepesi kuliko koti moja zito, maana mtu huweza kuvua moja apandapo na kuirudisha akipumzika. Nguo za kulalia na mfuko wa kulalia zifungwe ndani ya karatasi ya nailoni, ili hata mvua ikinyesha mchana kutwa, usiku pawe na kitu kikavu.

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Mtu huwacheka wapagazi mpaka siku atakapobeba mwenyewe. Kipimo kizuri ni kwamba mzigo usizidi robo ya uzito wa mbebaji. Mtu wa kilo 64 asipite kilo 16, na pungufu ni bora. Basi usiku mmoja atandike vitu vyote sakafuni, na kila kimoja akiulize kazi yake. Tochi, kibiriti, dawa, filimbi, chupa za maji na ramani vitajibu vizuri. Viatu vya ziada vya kupigia picha havitakuwa na jibu.

Juu ya chakula, nawaomba radhi wapenzi wa githeri. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo zaidi. Penye mita 4,200 huchemka kwa nyuzi 86 hivi, si 100. Mahindi makavu na maharagwe yatakaa motoni mpaka gesi iishe, nayo bado ni magumu. Na lichukuliwe jiko dogo la gesi, kwani si ruhusa kukata kuni katika hifadhi. Unga wa uji, karanga, tende, mayai yaliyochemshwa, na vyakula viivavyo upesi ndivyo vifaavyo. Akiba ya siku moja iongezwe juu ya hesabu.

Kisha ipo miguu yenyewe. Mkulima wa Murang'a apandaye na kushuka vilima kila siku ana mtaji ambao sisi makarani tukaao kitini hatuna. Karani na aanze miezi miwili kabla, akitembea kwenda kazini na kurudi, kisha akiongeza shanta yenye mzigo kidogo kidogo. Baadaye na apande gari la Ngong akavuke vile vilima, ambavyo kilele chake hupita mita 2,400. Huko buti zitamwambia ukweli. Lengelenge lipatikanalo Ngong hupona nyumbani. Lipatikanalo siku ya pili mlimani huharibu safari nzima. Aende na wenzake, tena aulize habari za askari wa misitu langoni.

Mwisho, jambo lililo kubwa kuliko yote halinunuliwi Toi. Ni mapatano. Kabla ya kuondoka, wenzi na wakae pamoja wakubaliane kwamba mmoja akiugua, wote watasimama. Kwa njia ya Sirimon, lango liko penye mita 2,650, kambi ya kwanza penye 3,300, na ya pili penye 4,200 hivi. Haifai kuzikimbia, atumiaye siku moja zaidi kuzoea hewa hakupoteza kitu. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, asipande tena mpaka apone. Akianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi hata aketipo, ateremshwe saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane, na asiachwe ateremke peke yake. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni kushuka.

Neno hili ni jepesi kukubaliwa katika chumba cha Woodley, kikombe cha chai mkononi. Ni gumu mno kukubaliwa pale juu, ambapo kilele kinaonekana, fedha zimekwisha kulipwa, na kila mtu anaona haya kuwa wa kwanza kusema, "Turudi." Kwa hiyo lisemwe mapema, tena mbele ya wote, na jamaa watakaobaki nyumbani waambiwe njia itakayofuatwa na siku ya kurudi. Mwenda pole hajikwai. Mlima umekaa pale tangu zamani za kale, wala hautahama kwa sababu fulani aligeuka nyuma mwaka huu ili apate kuujia tena mwaka ujao.