Masomo ya watoto yametoka kwenye CD, yamehamia mtandaoni: nani atalipa mega?

KISANGANI. Siku familia ilipokimbia, mwaka 2023, hakuna aliyekumbuka sanduku la CD. Mama alibeba mtoto mdogo mgongoni na sufuria mkononi. Mwalimu alibeba mchele na simu yake. Watoto wawili wakubwa walishikana mikono, wakafuata njia ya kwenda mtoni, wakapanda mtumbwi na kuvukia upande wa kulia wa Kisangani.

Mwalimu huyo ni mzaliwa wa Opala, lakini alikuwa akifundisha katika kijiji kimoja kwenye barabara inayotoka Lubunga kwenda kwao. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliolipuka Februari 2023, uliteketeza nyumba nyingi pande hizo na kutawanya maelfu ya watu wa makabila yote mawili. Nyumba ya mwalimu iliungua, na sanduku liliungua pamoja nayo.

Ndani yake kulikuwa na CD za nyimbo za herufi, katuni za Kifaransa, hesabu, na vipindi vya Kiswahili vinavyotoka Tanzania. Alizinunua sokoni Kisangani moja moja, kila mshahara ulipofika. Jumamosi mchana alitoa televizyo ndogo barazani na watoto wa majirani wakakaa kwenye mikeka. Kwa ajili ya mafuta ya jenereta, kila nyumba ilileta kidogo: huyu pesa, yule kikombe cha mchele. CD ya hesabu ilikuwa na mikwaruzo, ikikwama kila ilipofika saba mara nane. Watoto walizoea. Walipiga kelele "hamsini na sita!" wenyewe, mwalimu akaitoa CD, akaipangusa na shati, na somo likaendelea.

Baada ya miezi kadhaa mjini, alirudi sokoni kutafuta CD zile zile. Kijana muuzaji alimwangalia kwa huruma.

"Papa Mwalimu, CD gani tena? Vyote viko YouTube."

Kijana hakusema uongo. Shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na kipindi chake cha Ubongo Kids, kinachofundisha hesabu na sayansi, kilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Tanzania mwaka 2014. Baadaye kikaja Akili and Me, cha watoto ambao bado hawajaanza shule ya msingi: Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi karibu na mlima Kilimanjaro. Leo vipindi hivyo viko mtandaoni kwa Kiswahili, na pia kwa Kifaransa. Kwa mtoto wa Kisangani ni bahati mara mbili: lugha ya sokoni na lugha ya darasani.

Mwalimu akanunua mega. Jioni hiyo watoto wake, pamoja na watoto wa ndugu aliyewapokea, walibanana mbele ya simu ndogo. Kipindi cha kwanza kilipita vizuri. Cha pili kilianza kuzunguka na kusimama. Kabla cha tatu hakijaisha, simu ilileta ujumbe: mega zimekwisha. Mtoto mdogo alilia. Mama hakulia, alipiga hesabu.

"Papa, pesa hizo ni mboga ya siku mbili."

Kesho yake mtoto mkubwa alishika simu peke yake. Somo la herufi lilipoisha, video nyingine ilijileta yenyewe, halafu nyingine, na mwalimu aliporudi alikuta watoto wanaangalia watu wazima wanapigana ngumi. CD ilikuwa na mwisho: ikiisha, televizyo inanyamaza. Mtandao haunyamazi, na unaendelea kula mega.

Hapo ndipo palipo na tatizo. Watu husema masomo sasa ni ya bure. Kweli, somo ni la bure, lakini njia ya kulifikia inalipiwa. CD uliinunua mara moja, mtoto akaiangalia mara mia, jirani akaiazima. Mtandaoni, ukiangalia moja kwa moja, mtoto akitaka kurudia wimbo wa herufi mara kumi (na ndivyo mtoto anavyojifunza) unalipa mara kumi. Familia iliyofukuzwa kwake ndiyo inayohitaji kurudia zaidi, maana watoto wake wamepoteza masomo, na ndiyo isiyo na pesa ya kurudia.

Aliyemfungua macho ni kijana mwingine, mwenye kibanda cha kuchajia simu. Alimweleza mambo mawili. La kwanza, mega za usiku ni nafuu kuliko za mchana. La pili, asiangalie mtandaoni: apakue mara moja na kuhifadhi. Ubongo lenyewe linaweka video, sauti na karatasi za mazoezi ambazo mwalimu anaweza kupakua bila kulipa. Faili ikishaingia kwenye kadi ya memori, inahamia simu hadi simu bila mega hata moja. Mwalimu alikesha usiku mmoja kibandani. Asubuhi alikuwa na masomo mengi kuliko sanduku lake la zamani, kwenye kadi ndogo kuliko ukucha.

Sasa Jumamosi mikeka imerudi. Wazazi wenye simu wanakuja na kadi zao kunakili. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Lakini kadi moja haitoshi kwa jimbo zima. Huko Opala, katika vijiji vya kando ya Lomami, mtandao hupatikana hapa na pale, na simu nyingi ni za vitufe. Starlink ilipewa ruhusa nchini Mei 2025, ila chombo chake kinalipiwa kwa dolari na kinataka umeme. Kwa vijiji hivyo redio bado ni njia ya uhakika. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilirusha masomo ya watoto kwa msaada wa UNICEF, na redio moja ilihudumia ua mzima bila mtu kuhesabu mega.

Shule, parokia au redio ya mtaa yenye mtandao inaweza kupakua mara moja na kugawa kwa wengi. Kazi hiyo ni ya usiku mmoja.

Mwalimu anasema siku barabara itakapokuwa salama atarudi. Kadi ameifunga ndani ya nailoni, nyuma ya kitambulisho chake. Na watoto wake, video mpya ya hesabu ikifika saba mara nane, bado wanapiga kelele "hamsini na sita!" ingawa hapo hakuna kinachokwama tena.