Kadi Haikuwa Imekufa

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba haraka haraka haina baraka. Maana ya methali hii niliielewa barabara likizo ya Agosti 2024, kompyuta ya kaka yangu ilipoanza kuugua.

Kaka ana chumba kidogo mtaani ambako vijana huja kucheza kandanda ya kompyuta kwa shilingi 20 kila mechi. Usizidharau pesa hizo, kwani ndizo zilizotegemewa kunilipia karo ya muhula wa tatu. Basi picha zikaanza kukatikakatika. Mchezaji abonyeze kupiga shuti, mpira nao ukae kwanza ukifikiri! Wateja wakanung'unika, "Aa, bwana, hii mashine yenu imezeeka," wakahamia kwa jirani.

Fundi mmoja akaitwa. Aliitazama kwa dakika mbili, hakulegeza hata skrubu moja, kisha akatoa hukumu: "Kadi ya grafiki imekufa. Niuzieni kama chuma, mtafute ingine." Kadi yenyewe ni GeForce GTX 1060, aina iliyotoka mwaka wa 2016. Ni kongwe, lakini ukongwe si kifo. Nikamsihi kaka anipe siku mbili.

Kwanza nilichungulia nyuma. Waya wa skrini huweza kuchomekwa kwenye bodi kuu au kwenye kadi. Ukichomekwa kwenye bodi kuu, picha huchorwa na sehemu dhaifu iliyo ndani ya prosesa, na kadi hukaa bure. Wetu ulikuwa mahali pake. Pili, niliondoa draiva ya zamani nikaweka mpya. Wapi! Hali ilikuwa ile ile.

Ndipo nikaweka programu ya kupima joto, nikaketi na daftari kama mwuguzi wa zamu. Mwanzoni gemu ilikwenda shwari, picha 60 kwa sekunde. Baada ya robo saa joto lilipita nyuzi 83, kasi ya kadi ikashuka, na picha zikabaki 24. Hapo nikang'amua. Kadi ya aina hii ikipata joto la kiasi hicho hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ingekuwa imekufa, ile robo saa ya kwanza ingetoka wapi?

Tulizima umeme tukafungua kasha. Salaale! Vumbi lilikuwa limejaa tele na feni moja ya kadi imekwama. Tulilitoa vumbi kwa brashi laini, tukailegeza feni. Ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi, kwa hivyo tukaifuta na kupaka nyingine. Mwisho tukaisogeza kompyuta mbali na ukuta ipate hewa. Jioni ile tulicheza saa nzima. Joto halikupita nyuzi 72 na picha zilibaki 60.

Wateja walirejea mmoja mmoja. Karo ililipwa, ingawa kwa awamu mbili.

Wanachama wenzangu, kifaa kikilegea, anza na yasiyogharimu pesa: waya, draiva, joto, vumbi. Pima, andika, kisha uamue. Na mtu akikuambia kimekufa, mwulize kwa heshima: "Umepima nini?"