Wajenzi wa Gendia

Ndugu msomaji, ukifika Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, uliza njia ya kwenda Gendia. Utaonyeshwa kilima karibu na Ziwa Viktoria. Hapo ndipo Waadventista Wasabato walipoanzisha misheni yao ya kwanza katika Kenya.

Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Mnamo Novemba 1906 wageni walishuka hapo, wakatafuta mahali pa kukaa, wakachagua Gendia. Miongoni mwao alikuwapo Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada. Pamoja naye alikuwapo Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Jina la kwanza husikika sana. La pili husikika kwa nadra. Lakini Nyambo hakuwa mbeba mizigo: alikuwa mtu wa elimu, na mwaka 1914 alikwenda London na ombi kwa mfalme, kuwatetea Waafrika wa nchi za kwao.

Wageni hao walikuja kufundisha, nao hawakujua Kijaluo. Basi fikiri, msomaji: mwalimu asiyejua lugha ya wanafunzi wake atafanya nini? Hana budi kuwa mwanafunzi kwanza. Carscallen alijifunza, hata akaandika kitabu cha sarufi ya Kijaluo. Jina lake limo kitabuni; lakini kila neno lililomo lilitoka kinywani mwa mwenyeji aliyekuwa na saburi ya kulitamka tena na tena. Waumini wa kwanza walibatizwa mwaka 1911, na mwaka 1913 mtambo wa kupiga chapa ulianza kazi pale Gendia. Kazi ilienea mpaka Kamagambo, katika Migori ya leo, ambako palijengwa shule iliyofunza walimu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa maoni yangu, historia ya kanisa hili haitakuwa ya haki mpaka wenyeji waliofundisha lugha, waliochukua mawe na waliopika chakula wahesabiwe kuwa wajenzi. Majina yao mengi hayamo vitabuni, bali yamo vinywani mwa wazee. Wewe unajua kuandika: nenda ukawaulize wazee wa kwenu, ukayaandike kabla hayajapotea.