Kazi Niitakayo Mimi

Nikisema nataka kuwa mtayarishaji wa tamthilia za televisheni, wenzangu darasani hucheka, naye mama huniuliza kama hiyo ni kazi au ni umbea wa kulipwa. La hasha! Msomaji mpenzi, hebu msikie Gloria Monty wa Marekani. Mwaka wa 1978 alikabidhiwa "General Hospital", mchezo ulioanza 1963 lakini sasa ulikuwa karibu kufutwa kwa kukosa watazamaji. Bi. Monty akafupisha maonyesho, akaharakisha mambo, akawapa vijana nafasi. Novemba 1981 watu wapatao milioni 30 walitazama harusi ya Luke na Laura, nao ni bwana na bibi harusi wa kubuniwa tu! Na mchezo wenyewe hutoka siku 5 kwa wiki. Waandishi, waigizaji, mafundi wa taa, pesa, saa, wote wanakungoja wewe mtayarishaji. Umbea hauna ratiba kama hiyo.

Mwalimu wa ushauri ametwambia tuandike kazi tatu tunazozipenda. Baba anataka udaktari uwe wa kwanza. Karatasi yarudishwa Ijumaa. Nimeweka utayarishaji juu, tena kwa kalamu, na baba bado hajaiona.