Pesa Hujibiwa, Maoni Je?

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina kosa la kukiri.

Naishi Kariokor, Nairobi. Jina hili limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, hakuna aliyetaka maoni yao. Siku hizi Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake.

Basi mwaka 2023 nikatengeneza mfumo mdogo. Mkazi anatuma meseji kuhusu bajeti ya kaunti: mitaro, taa za barabarani, choo cha soko. Mfumo unaiweka kwenye hifadhidata. Makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni kufikia 30 Aprili, kwa hivyo nilikimbizana na tarehe. Nikachapisha orodha, nikaipeleka, nikajiona shujaa.

Wiki mbili baadaye napita sokoni, mama mmoja muuza vyondo akaniita.

"Kijana wangu, ile meseji yangu ilifika?"

"Ilifika, mama."

"Nani aliisoma?"

Nikababaika.

"Nikimtumia mtu shilingi hamsini kwa M-Pesa, simu inaniambia zimemfikia nani na saa ngapi. Kwani maneno yangu ni rahisi kuliko hamsini?"

Nilirudi nyumbani nikafungua programu. Hifadhidata ilikuwa na safu ya namba ya simu, ya saa na ya maneno. Safu ya jibu haikuwepo. Nilikuwa nimetengeneza sanduku la maoni kama yale ya mbao, tofauti ni kwamba langu linakula umeme.

Na si mimi peke yangu. Ukilipia huduma kwenye eCitizen, iliyoanza 2014, unapata risiti. Ukitaka kutoa maoni, mara nyingi unapewa anwani ya barua pepe tu. Ilhali mfano tulikuwa nao hapa hapa nyumbani: Ushahidi, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Ripoti ya mwananchi iliwekwa kwenye ramani, watu wakaiona, pamoja na alama ya kama imethibitishwa au bado. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu anayeomba habari.

Nimerekebisha mfumo. Kila meseji sasa inarudishiwa namba, na mwenyewe anaweza kuuliza imefika wapi: imepokelewa, imewasilishwa, au imejibiwa, na jibu lenyewe ni lipi. Kazi ya jioni mbili tu, jamani! Ningeifanya tangu mwanzo kama ningemuuliza mama yule kabla ya kuwasha kompyuta.

Namba yake ameiandika kwenye daftari la mauzo. Safu ya majibu bado ni tupu, lakini sasa sote tunaiona.